Nahamia Uingereza Oktoba. Eunos yangu nifanye nini?

Roadster_Mwera

Assalaam alaykum wapenzi wa gari.

Naandika haya nimekaa barazani kwangu Mwera, gari iko mbele yangu, na kila nikiitazama nasahau nilitaka kuanzia wapi. Basi nianze na habari yenyewe. Mie ni muuguzi. Mwezi uliopita nimepata kazi katika hospitali moja Leeds, Uingereza, na viza iko njiani. Naondoka Oktoba, inshallah, mke wangu na watoto wawili watanifuata baada ya miezi michache. Nyumba tumepata mpangaji, kuku tumeshawagawa, kabati na makochi yana wenyewe. Kilichobaki ni gari, na hapo ndipo nilipokwama.

Ni Eunos Roadster ya 1991, ile ya V Special: kijani kibichi, viti vya ngozi rangi ya asali, usukani wa mbao wa Nardi. Kwa asiyeijua, ndiyo hiyo hiyo Mazda MX-5, ila Japani waliiuza kwa jina la Eunos. Ilioneshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na Septemba ya mwaka huo Wajapani wakaanza kuinunua. Viti viwili tu, injini ya 1600 yenye nguvu farasi 120, gia tano za mkono, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito wake tani haifiki. Taa za mbele zimelala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Watoto wa mtaani kwetu wanasimama njiani saa ya magharibi ili wazione tu zikiinuka.

Niliiagiza 2014. Marehemu baba alipoiona bandarini aliizunguka mara mbili, akaniuliza neno moja: "Mgonjwa utampakia wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Mwaka wa pili, usiku wa manane, jirani yetu alishikwa na uchungu na mtaa mzima gari iliyokuwepo ni hii tu. Nilikunja paa, nikalaza kiti cha abiria nyuma kadiri kinavyolala, mama wa watu akaenda hospitali anaangalia nyota. Mtoto alizaliwa salama. Sasa yuko skuli, na akiniona ananiita Ami Taa.

Kwa hiyo wakuu, msinambie ni chuma tu. Nimeitumia kwenda zamu za usiku kwa miaka kumi na moja. Nikitoka asubuhi, kabla ya kwenda kulala, nilikuwa napita njia ya Bububu paa likiwa wazi, upande mmoja bahari, na yale yote niliyoyaona wodini yanapungua njiani. Nikifika nyumbani naweza kumsalimia mke wangu kama mtu.

Naona njia tatu. Kuiuza, kuiacha kwa mtu, au kwenda nayo. Moyo wangu uko kwenye ya tatu. Wenye uzoefu nisaidieni.

Kaka_wa_Dar

Nipe mimi hiyo ndugu yangu, taja bei, nakuja na boti ya asubuhi.

Roadster_Mwera

Ahsante kaka, lakini kuitoa Zanzibar kuileta bara kuna habari ya tofauti ya kodi, na mie nataka kwanza nijue kama naiuza au siiuzi.

FundiWaAmani

Waalaykum salaam kaka, na hongera kwa kazi. Sitosema uza wala nenda nayo, maana hujatwambia hali ya chini ya gari, na hiyo ndiyo itakayoamua.

Eunos haifi kwa injini. Inakufa ubavuni, chini ya mlango, pale karibu na gurudumu la nyuma. Sababu ni maji ya mvua. Paa la turubai likinyeshewa, maji yanateremka kwenye mfereji wa mpira ulio nyuma ya viti, yanaingia kwenye vitundu viwili, kimoja kila upande, yanapita ndani na kutokea chini mbele ya gurudumu la nyuma. Majani na vumbi vikiziba vile vitundu, maji hayana pa kwenda. Yanakaa ndani ya ubavu masika nzima, na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona rangi imevimba kama lengelenge, ujue ndani kumeshaisha zamani.

Jaribu hivi. Chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye mfereji wa nyuma, upande mmoja mmoja. Mwenzako achutame achungulie chini. Yakitoka mara moja, alhamdulillah. Yakikawia au yasipotoka, chukua bisibisi uugonge ubavu kwa chini na usikilize mlio.

Betri ya Eunos iko kwenye buti, kulia. Ile ya asili ilikuwa na mpira mwembamba wa kutolea mvuke nje. Hapa kwetu haipatikani kwa urahisi, watu wanatia betri ya kawaida, na mvuke wa asidi unabaki mle mle ndani ya buti. Inua kapeti utazame bati lina rangi gani.

Na rejeta. Tangi lake la juu ni plastiki nyeusi. Likishageuka rangi ya kahawia limechoka, wakati wowote litapasuka. Halafu kama unatia maji matupu ya bomba kama wengi wetu, basi kule Uingereza maji yale yataganda ndani ya injini, na barafu ikitanuka inapasua bloku. Ukienda nayo bila kutia dawa ya rejeta utakuwa umeiua siku ya kwanza ya theluji.

Njoo Jumamosi uiingize shimoni tuitazame pamoja.

BintiChukwani

Kaka, mie niliuza Toyota Celica yangu ya 1994 nilipokwenda kusoma Malaysia. Ninachojutia ni siku niliyoiuza. Niliiuza wiki ya mwisho. Mnunuzi akijua una tiketi mkononi hahangaiki kupandisha bei, anakaa tu anasubiri siku zako zipungue. Nilipokea nusu ya nilichokuwa nikikitaka, tena kwa mafungu mawili, na fungu la pili kaka yangu alilifuatilia mwaka mzima.

Ukitaka kuuza, uza Agosti. Usipouza Agosti, usiuze kabisa.

MzeeWaVespa

Mwanangu, nakwambia kama baba yako. Mwaka 1998 nilikwenda Dubai kutafuta riziki, nikaiacha Vespa yangu Malindi, uani kwa dada yangu, hatua chache tu kutoka baharini. Niliifunika turubai zito, nikalifunga kamba kila upande, nikajiona nimeihifadhi. Niliporudi baada ya miaka sita, nilifungua kamba na mkono wangu ukapita kwenye bati kama unapita kwenye biskuti la chai. Upepo wa chumvi uliingia kwa chini, unyevu ukakosa pa kutokea, turubai likaipika. Kama ningeiacha wazi chini ya paa la makuti ingekuwa na vumbi tu.

Usifunike kitu kwa nailoni kisiwani hapa. Na usikiweke karibu na bahari. Sina zaidi.

MtotoWaNgambo_Coventry

Salaam kutoka Coventry. Nipo huku mwaka wa kumi na tisa, na nimeshasaidia watu wawili kuleta gari zao, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyapitia.

Habari njema kwanza. Mtu anayehamia Uingereza anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mali zake, gari ikiwemo. Masharti yake: uwe umeishi nje ya Uingereza miezi 12 mfululizo au zaidi, na gari uwe umeimiliki na kuitumia si chini ya miezi sita kabla ya kuhama. Wewe una miaka kumi na moja, hilo halikusumbui. Ukipata msamaha huo hulipi ushuru wa forodha wala VAT yao ya asilimia 20. Lakini kwa miezi 12 ya mwanzo huruhusiwi kuiuza, kuiazimisha wala kuikodisha. Maombi yanatumwa kabla gari haijafika, usije ukaanza kuhangaika ikiwa imeshafika bandarini.

Ikishafika una siku 14 za kuwaarifu watu wa mapato kwamba gari imeingia nchini. Kwa kuwa ina zaidi ya miaka 10 haihitaji ule ukaguzi mkubwa wa gari mpya za kigeni, itapita MOT tu, ukaguzi wa kila mwaka. Pale watataka taa nyekundu ya ukungu nyuma, ambayo gari nyingi za Japani hazina, na barabarani inatakiwa spidi isomeke kwa maili. Taa za mbele hazina tatizo, maana Japani, Zanzibar na Uingereza sote tunapita kushoto.

Sasa ngoja nikwambie yasiyopendeza.

Leseni yako ya Tanzania utaitumia miezi 12 tangu uhamie, basi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja. Utafanya mtihani wa maandishi na wa kuendesha kama kijana wa miaka kumi na saba. Bima kwa mwenye leseni ya kigeni na gari ya viti viwili ni ghali sana. Ukija London, gari ya petroli ya umri huo inalipa pauni 12.50 kila siku unayoiendesha mjini, maana haifikii kiwango chao cha moshi.

Na lililo kubwa kuliko yote ni chumvi. Wakati wa baridi gari za halmashauri zinapita usiku zinamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Asubuhi njia nyeupe, na yote inarukia chini ya gari yako. Kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 za mahali palipofungwa mkanda wa kiti au miguu ya gari, MOT wanaikataa hapo hapo. Eunos nilizoziona huku zikipelekwa kwa wakata vyuma, karibu zote zilikwenda kwa ubavu, injini zikiwa bado zinaimba.

Una gereji huko Leeds? Namaanisha chumba chenye mlango. Kama ni fleti na gari inalala njiani, fikiri tena kaka yangu.

Roadster_Mwera

Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Mikono bado ina grisi lakini nimeona niandike kabla sijalala.

Upande wa kushoto maji yametoka kabla sijamaliza kumimina. Nikafurahi. Upande wa kulia nikamimina kikombe kizima, fundi yuko shimoni ananambia, "Mimina." Nikamwambia nimeshamimina. Akanyamaza. Halafu nikasikia bisibisi ikigonga, kwanza mlio wa chuma, kisha mlio wa kadibodi, kisha hakuna mlio. Iliingia mpaka kwenye mpini.

Tulipofungua kitundu cha kulia tulitoa majani ya mwembe, yamegandana meusi kama tumbaku. Kwangu pana mwembe mmoja mkubwa, na miaka yote nimekuwa naegesha chini yake ili ngozi ya viti isipasuke kwa jua. Naegesha kwa mtindo ule ule kila siku, upande wa kulia kwenye shina. Nilikuwa naikinga na jua na huku nailisha majani.

Nimekaa juu ya ringi kuukuu pale gereji muda mrefu. Fundi wangu, Mungu amjaalie, hakunambia kitu, alinitilia chai tu.

Buti ni zima, rejeta ni ya kahawia. Fundi ametazama pia puli ya mbele ya injini akahesabu mianya yake: iko minne. Zile za mwanzo zenye mianya minne zina ncha fupi ya kirenki, ule mhimili mkuu wa injini, na mtu akiifungua puli wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi asipoikaza sawasawa, inajilegeza na kuila kirenki chenyewe. Kwetu imekaa vizuri. Lakini nimekatazwa kumruhusu mtu mwingine yeyote aiguse.

Kazi itachukua wiki mbili. Atakata palipooza, atachomelea bati jipya, ndani atapiga rangi na kumwaga nta ya kuzuia kutu.

Mkwajuni_Boy

Uza kaka. Huko unakwenda kulipwa pauni, utanunua kama hiyo hiyo ikiwa nzima. Gari zipo nyingi sana, hii ndiyo gari ya spoti ya viti viwili iliyouzwa kuliko zote duniani, 2016 walifikisha milioni moja.

Roadster_Mwera

Ni kweli usemayo na sikukasirikii. Nimeziona mtandaoni, zipo, na bei si mbaya. Lakini hiyo nitakayoinunua haikumbeba yule mama.

BintiChukwani

Kaka wiki mbili hizi za gereji zitumie kufikiri jambo moja. Usiulize gari iende wapi. Uliza nani ataiendesha kila wiki. Ukishampata huyo mtu, mahali patajulikana penyewe.

FundiWaAmani

Dada kasema kweli, naongeza la ufundi. Watu wanamwachia ndugu ufunguo wanamwambia, "Uwe unaiwasha." Ndugu anaiwasha dakika tano kila wiki akiwa na simu sikioni, anazima. Hiyo ni mbaya kuliko kutoiwasha kabisa. Injini haijapata moto, maji yanayotokana na moshi yanabaki ndani ya ekzosi na ndani ya oili. Gari inatakiwa itembee, nusu saa, ipate moto wa kweli, breki zishike, klachi ifanye kazi, matairi yageuke yasiwe bapa upande mmoja. Na petroli isikae tangini miezi, iwe inaingia na kutoka.

Roadster_Mwera

Nimeamua haiendi Leeds.

Nataka nieleze sababu, maana kuna mtu siku moja atautafuta uzi huu akiwa na tatizo kama langu. Fedha zilikuwa kikwazo, kontena la futi 20 mpaka Uingereza linazidi bei niliyoinunulia gari yenyewe, lakini ningezipata. Kodi nisingelipa. Kilichonizuia ni maneno ya ndugu yetu wa Coventry kuhusu chumba chenye mlango. Tumepata fleti ghorofa ya tatu. Gari ingelala njiani kwenye mvua, paa la turubai, bati jipya la fundi likipigwa chumvi. Na mie nikiwa zamu za saa kumi na mbili, mtihani wa leseni bado. Ningeipeleka mbali na kwao ili nikaitazame dirishani ikioza.

Dada wa Chukwani, swali lako lilinikosesha usingizi. Nilihesabu watu. Shemeji yangu wa Fuoni ana moyo mzuri ila anaendesha gia za automatiki tu. Rafiki yangu wa Kiembe Samaki ana gereji lakini gari zake mwenyewe zimelala. Nikabaki na mtu mmoja ambaye sikuwa nikimfikiria kabisa, na yuko Pemba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, yuko Wete. Ni mwalimu mstaafu, na ana mikarafuu. Nyuma ya nyumba yake kuna ghala la mawe la zamani alilolijenga babu kwa ajili ya karafuu kavu. Mnaojua karafuu mtanielewa. Karafuu ikishakauka jamvini, adui yake ni unyevu. Ikipata unyevu inaota ukungu na thamani yake imekwenda. Kwa hiyo wazee walipojenga ghala lile walinyanyua sakafu, wakaacha matundu juu karibu na dari hewa ipite, na wakaliweka juu ya kilima, mbali na bahari. Siku hizi mjomba akishakausha anapeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, moja kwa moja, ghala linakaa tupu karibu mwaka mzima.

Mzee wa Vespa, nilipokuwa naongea na mjomba kwa simu nilikuwa nakufikiria wewe. Chumba kilichojengwa kisiwani kwetu mahsusi ili kitu kisipate unyevu, miaka yote hii kipo na sijawahi kukifikiria.

Na mwendeshaji ni binti yake mjomba. Anasomesha hesabu skuli ya sekondari huko huko, amejifunza gari kwa Land Rover ya baba yake, ile ya gia ngumu. Nilimpigia nikamuuliza kama yuko tayari kuiendesha kila Jumamosi, nusu saa, mvua isiponyesha. Akanijibu, "Kaka, na Jumapili jee?"

MzeeWaVespa

Alhamdulillah. Nimefurahi mwanangu.

MtotoWaNgambo_Coventry

Uamuzi mzuri, japo ningependa kuisikia huku. Muandikie binti karatasi iliyosainiwa kwamba umemruhusu kuitumia, na jina lake liingie kwenye bima. Yakitokea ya kutokea, mtu aliye mbali hana la kusema.

Roadster_Mwera

Karatasi imesainiwa kwa sheha, bima imeshafanywa. Sasa niwape habari ya safari, maana nimerudi jana.

Gari ilikaa kwa fundi wiki tatu, si mbili. Bati limekaa, ukipitisha kidole huoni palipoungwa. Rejeta mpya ya alumini. Mke wangu akasema kabla haijapanda meli twende wawili tu, kama zamani. Watoto tukawaacha kwa mama. Tulikwenda Paje kwa njia ya Tunguu. Pale Jozani ni matuta mfululizo, yaliwekwa kwa sababu gari zilikuwa zikiwaua kima punju wanaovuka njia, na gari ya chini kama hii unayapanda kwa upande, gurudumu moja moja, taratibu. Kima walikuwa wamekaa mitini wanatutazama kwa juu, maana paa lilikuwa wazi. Mke wangu hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Alishika tu kile kirungu cha gia juu ya mkono wangu.

Kwa mwenye gari ya chini anayetaka kuipandisha meli, sikilizeni hili. Gati halisogei, meli inapanda na kushuka na maji. Maji yakitoka sana, hasa siku za bamvua, mlango wa meli unakuwa na mteremko mkali, na gari ya chini itakwaruza pua wakati wa kuingia na tumbo wakati wa kutoka. Nilikwenda bandarini Malindi siku mbili kabla kutazama. Nikachagua usiku wa maji mafu, ambapo kujaa na kutoka hakupishani sana, na nikapakia karibu na maji kujaa. Hata hivyo nilibeba mbao mbili za kuwekea chini ya matairi ya mbele, na zilifanya kazi. Vijana wa meli walisaidia bila ya kuombwa. Mmoja aliomba taa ziinuke, nikaziinua, wakapiga makofi.

Asubuhi tulishuka Mkoani.

Mie nimezaliwa Unguja, Pemba nimekwenda mara nyingi, lakini daima kwa daladala au gari ya mjomba. Sikuwahi kuiendesha hii gari huko. Unguja ni tambarare, wazee wangu. Unguja unaiendesha kwa mstari, gia ya tano, basi. Ukitoka tu bandarini Mkoani unapanda, na ukishapanda njia haitulii tena. Kilima, kona, bonde la mpunga, kilima. Pale ndipo nilipoijua gari yangu baada ya miaka kumi na moja. Gia ya tatu, unaachia mafuta kidogo kabla ya kona, pua inaingia kama inajua njia, unakanyaga, nyuma inakusukuma unatoka. Mwendo si mkubwa. Watoto wa skuli walikuwa njiani na nilikuwa makini. Lakini kila kona ilikuwa na neno.

Baada ya Mtambile harufu ikaanza. Ni msimu, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi nyua zote, nyekundu zinageuka kahawia, na gari isiyo na paa haikukingi na chochote. Ilikuwa kama kupita ndani ya chungu cha pilau. Nilisimama Chake kununua maji, mzee mmoja akaja akaweka kiganja kwenye boneti, akauliza inakwenda kwa nani. Nikamwambia inakwenda Wete kwa binti. Akasema, "Kheri, basi na sie tutaiona."

Wete tulifika kabla ya adhuhuri. Mjomba alikuwa ameshafagia ghala, amepaka chokaa. Mlango wa ghala ni mpana kwa ajili ya magunia, gari ikaingia na nafasi ya kufungua milango miwili ikabaki. Binti alikuwa na daftari. Nilimwonesha vile vitundu viwili vya maji, akavichora. Nilimwonesha mpira wa betri, kidirisha cha plastiki cha nyuma ambacho lazima ufungue zipu yake kabla ya kukunja paa, la sivyo kinavunjika kwenye mkunjo. Akaandika yote. Redio nilimwambia asihangaike nayo, ni ya Japani, mwisho wake 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Akasema ana sauti yake.

Akaitoa mwenyewe mara ya kwanza. Nilikaa upande wa abiria kwenye gari yangu mwenyewe, nafasi ambayo sijawahi kuikalia hata siku moja. Kutoka pale mtu unaona mikarafuu inapita juu ya kioo na huna kazi ya kufanya. Alibadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu bila hata mtikisiko. Nikamwambia ataiendesha vizuri kuliko mie, na nilimaanisha.

Kilomita siku niliyomkabidhi: 118,406.

FundiWaAmani

Kaka umefanya vyema. Mwambie binti mkanda wa taimingi nimeubadilisha mwaka huu, asikubali mtu kuugusa. Nikienda Pemba sikukuu nitapita kuitazama, siombi nauli.

Roadster_Mwera

Leeds, Novemba. Kuna baridi ambayo sikuijua. Saa kumi jioni giza. Leo nimepata ujumbe kutoka Wete kwamba taa za mbele hazikuinuka, zimebaki zimelala. Nimemwandikia hivi, naweka na hapa kwa atakayehitaji: zima taa, fungua boneti, tafuta mota ya kila taa, juu yake kuna kizibo cha mpira, kivue. Chini yake kuna kidude cha kuzungusha kwa vidole. Kizungushe taratibu mpaka taa iinuke yenyewe, halafu tazama fyuzi kabla ya kulaumu mota.

Mwalimu_wa_Wete

Assalaam alaykum, nimejiunga leo ili nijibu hapa. Kaka, zimeinuka. Fyuzi ilikuwa imeungua, nimebadilisha. Nimemimina vikombe vyote viwili jana baada ya mvua, kulia na kushoto, maji yametoka mara moja. Nimekwenda Konde na kurudi. 118,971.